Kidole cha Maman wa Luberizi

Katika sale ya wanawake, kile chumba chetu cha kulazwa hospitalini, tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna dokta aliyeiandika: mwenye magonjwa mengi ndiye mukubwa. Malaria peke yake ilikuwa aibu. Mutu wa malaria alikuja, akatetemeka siku tatu, akarudi kwake, na sisi tukamuita mutalii. Mwenye tansio peke yake, ile damu ya kupanda, alifagia. Mwenye tansio na sukari alikaa, wengine wakamuletea maji. Mimi nilikuwa na tano: sukari, tansio, moyo, figo zilizoanza kuchoka, na kidonda cha muguu wa kushoto kilichonuka mpaka mimi mwenyewe nilikisikia. Kwa hiyo nilikuwa kapita.

Kapita wa sale si kazi ya hospitali, ni kazi ya wagonjwa wenyewe. Kapita analala kitanda cha dirisha. Anaongoza rozari ya asubuhi, anapanga zamu ya kufagia, wageni wanamusalimia yeye kwanza, na sahani yoyote ikifunguliwa mule ndani anaonjeshwa. Mutu akikufa, kapita ndiye anaanza wimbo. Nilianza nyimbo nne kabla ya mambo haya ninayoyasema, na sauti yangu haikukatika hata mara moja.

Sikusoma. Darasa la pili, kisha baba akasema mbuzi wanahitaji mutu. Namba ninazijua, sababu niliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni miaka mingi, na asiyejua namba sokoni anamalizwa. Herufi ndizo zinanikimbia. Lakini nimezaa saba, saba wote wamesoma, na mujukuu wangu wa kwanza yuko anasomea kazi ya uuguzi. Ana shingo ndefu na kiburi, na kiburi hicho hakukiokota njiani, ni mimi nilimupa.

Yeye ndiye alikuwa anaolewa mwezi ule. Katika familia yetu koko, ni kusema nyanya, ndiye anamushika bibi harusi mukono, anamutoa chumbani, anamupeleka mbele ya wakwe. Mama wa mama yangu alinitoa mimi, amesimama wima kama musalaba. Nami niliwatoa wajukuu wa marehemu dada zangu. Hatua zenyewe, kutoka chumbani kwa binti yangu kule Muhumba mpaka kwenye viti vya wakwe, nilikwisha kuzihesabu: ni thelathini. Kwa hatua thelathini nilihitaji miguu miwili.

Na muguu ndio kitu walichotaka kuchukua.

Jumatatu walikuja kupita vitanda, madokta wanne, nyuma yao kundi la wanafunzi. Dokta wa sukari alikuwa amenikataza bugali, muchele na ndizi. Wa figo alinikataza maharagi na mboga ya lengalenga. Wa moyo alikataza chumvi, mafuta na hasira. Vidonge vya moyo vilinikojolesha, dokta wa figo akavipunguza. Vikapunguzwa, miguu ikajaa maji, dokta wa moyo akavirudisha. Nilikuwa si mutu tena. Nilikuwa soko, kila dokta na kibanda chake ndani yangu, na hakuna aliyemusalimia jirani yake.

Wa upasuaji alifungua bandaji, akaziba pua na kiwiko mbele ya macho yangu.

"Koko, unakulaka nini?"

"Kile munanikubalia. Ni kusema, hakuna."

Wanafunzi walicheka. Yeye hakucheka.

"Sukari yako iko juu sana. Nakupa mpaka Ijumaa. Ikishuka, kidonda kitasikia dawa na muguu utabaki. Isiposhuka, Jumamosi tunakata hapa." Alipitisha kalamu chini ya goti langu, kama fundi anayetia alama kwenye ubao.

Walipotoka, maman wa kitanda cha mulangoni aliinua kichwa. Huyu nusu yake moja ilikuwa imekufa, jicho, mukono na muguu, lakini ulimi ulibaki wote.

"Kapita, bakikukata, kile kiatu kingine utatuachia?"

"Nitakuachia weye," nikamujibu. "Nusu yako ya kutembea haiombi viwili."

Sale nzima ilicheka, na yeye alicheka kwa ule upande uliobaki. Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Sasa, kuna habari ya chupa lazima niiseme. Chini ya muto nilikuwa na chupa ya plastiki nyeupe, ile ya umbo la Bikira Maria, kofia yake ni taji ya bluu. Watu wote walijua ni maji ya baraka. Kila asubuhi nilifungua taji, nikatia kidole, nikajipiga alama ya musalaba, halafu kidole kikaingia kinywani. Ndani ilikuwa asali. Sikujiona muongo. Dokta alikataza sukari, na kwangu sukari ni ile nyeupe ya kiwandani. Asali inatoka kwa nyuki, nyuki anatoka kwa Mungu. Nilificha tu sababu madokta banapendaka kubishana.

Mchana ule ule wa Jumatatu ndipo walipomuleta maman wa Luberizi. Alipanda ngazi ameegemea bega la mukwe wake, yaani muke wa mutoto wake, miguu imevimba kama magunia ya muchele aliyolima maisha yake yote kule bondeni. Alikohoa kila neno la pili. Walimuweka kitanda tisa, kando yangu. Sikumuachia hata nafasi ya kupumua, nilimuuliza hapo hapo:

"Una ngapi?"

"Ngapi nini, maman?"

"Magonjwa."

Alihesabu kwa vidole, bila haya, kama anayetaja batoto. Moyo. Tansio. Figo. Mifupa. Dawa ya mifupa aliinunua kwa wachuuzi miaka na miaka, na ndiyo iliyomuharibia figo. Kisha akakunja kidole cha tano: "Na sukari kidogo. Ile ya kidonge tu."

Tano! Sawa na mimi. Maman wa mulangoni alijigeuza ili asikie vizuri.

"Sukari ya kidonge haihesabiwi nzima," nikasema. "Kama haujachomwa sindano, hiyo ni nusu. Una nne na nusu."

"Aya, maman," akasema. "Nne na nusu."

Hakubisha. Nilimudharau kwa hilo. Mutu akinikubalia upesi ninamuona mujinga, hata leo.

Kulala hakuweza. Maji yalimupanda kifuani, akilala chali anazama. Alikaa ameegemea ukuta, mudomo wazi, anapumua kama mbwa wa jua kali. Alfajiri ya Jumanne ile sauti ilinichosha. Nikamuambia, "Njo hapa kwa dirisha uvute upepo, utatuua na makelele." Si huruma, ni kelele. Alikuja kitanda nane, kile changu, akakaa, nikamufungulia dirisha, upepo wa ziwa ukamupiga usoni. Mimi nikaketi kwake, kitanda tisa.

Wakati huo sitajeri akaingia na sahani yake ya sindano. Masitajeri ni wale wanafunzi wanaofanya mazoezi. Kila Jumatatu wanaleta wapya, na wapya hawaangalii sura ya mugonjwa. Wanaangalia namba iliyopigwa kwenye chuma cha kitanda, wanaandika kwenye fishi, ile karatasi ya mugonjwa iliyofungwa miguuni pa kitanda. Kwao sisi wote tulikuwa koko.

"Kitanda nane, kidole."

Maman wa Luberizi alinyoosha mukono. Alidhani kila mutu anachomwa. Kimashine cha kupima sukari kikalia. Sitajeri akaandika kwenye fishi yangu.

"Kitanda tisa, kidole."

Nilikuwa na kinywa. Kinywa changu kimefukuza maaskari sokoni. Asubuhi ile nilinyoosha kidole na kunyamaza.

Saa tatu, kila mumoja amekwisha rudi kwake, dokta alisimama miguuni pangu, akasoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Mia moja na kumi na mbili! Koko, umefanya nini?"

"Nimesali."

Walinipigia makofi. Alipunguza sindano yangu ya insulini, sababu naye aliogopa isishuke kupita kiasi. Kisha akageukia kitanda tisa, uso ukabadilika.

"Mia tatu na themanini. Koko, jana ulikunywa soda?"

"Hapana, dokta."

"Bote banasemaka hapana." Akamuandikia insulini.

Mchana maman wa Luberizi aliniuliza polepole, sababu mimi ndimi kapita na kapita anajua: "Maman, sukari inaweza kupanda sababu ya safari?"

"Inaweza," nikamuambia. "Zile kona za barabara ya Ngomo zinatikisa damu."

Aliitikia kwa kichwa. Kona za Ngomo kweli zinatisha, kila mutu wa bondeni anajua.

Jumanne naweza kusema ilikuja yenyewe. Jumatano ni mimi. Niliamuka mapema kabla ya sitajeri, nikamugusa bega. "Njo dada, njo upumue." Niliita kwa sauti ya asali, ile niliyotumia kuuza sambaza wa jana. Alikuja akitetemeka, akanishika mukono kwa mikono yake miwili. "Mungu akuone, maman," akasema. Hilo neno sikulipenda.

Kitanda nane, kidole. Mia moja na tano. Kitanda tisa, kidole. Mia nne na kitu, sababu sindano yangu ilikuwa imepunguzwa, na Bikira alikuwa bado ananipa yake kila asubuhi. Dokta akaniambia muguu wangu una bahati. Akamuongezea maman wa Luberizi dawa.

Insulini ndani ya mwili wenye figo nzuri inafanya kazi yake na kwenda. Ndani ya mwili wa figo mbovu inakaa, kama mugeni asiye na kwao. Hayo nilielezwa baadaye. Lakini siwezi kusema sikuona. Jumatano saa tano maman wa Luberizi alilowa jasho, mikono ikamutetemeka mpaka kikombe kikagonga meno. Mukwe wake akamupa uji, akatulia. Mimi nilikuwa ninaangalia ziwa.

Jioni mujukuu wangu alifika na viatu vya arusi vyangu, vyeusi, kisigino kifupi. Alinivalisha kile cha kulia, cha kushoto akakiweka kando ya kidonda, akapima kwa macho.

"Tutapanua kidogo, koko. Bandaji itaingia."

Nilitaka kulia, nikamuambia nywele zake zimesukwa vibaya.

Alisimama kusoma fishi yangu. Nilimuona anarudia mustari kwa kidole. "Mia moja na tano? Weye?" Akainama upande wa pili, akasoma ya kitanda tisa. "Na huyu koko wa hapa, alipandaje hivi kwa siku moja?"

"Umekuja kunipima ama kunisalimia?"

Aliniangalia kidogo kupita kawaida, kama unavyoangalia samaki ambaye macho yake hayako sawa. Kisha akabeba viatu, akaenda.

Usifikiri nilisumbuka. Nilikula. Niliwaza: siku moja tu. Alhamisi tena, halafu Ijumaa dokta anasema muguu unabaki, halafu nitamuacha huyu mukulima na sukari yake ya nusu. Maman wa bondeni ana nguvu. Amezoea matope, jua, mbu. Kitu kidogo hakitamuua. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na ninayasema hivyo hivyo.

Alhamisi mvua ilinyesha kutoka alfajiri. Nilimuita, akaja, akanibariki tena. Kidole, kidole. Sitajeri alipoona namba ya kitanda tisa akapiga ulimi, mimi na maman wa Luberizi tukabadilishana mahali tena, na sindano ikamufuata kwake. Kubwa kupita ile ya jana. Baada ya sindano lazima mutu akule, lakini hospitali haipiki. Chakula kinatoka nyumbani, na siku ile kilima kizima kilikuwa matope, mukwe wake hakufika. Sisi wengine tulikuwa na mabaki ya jana. Hakuomba. Mutu wa kuja anaona haya kuomba. Na hakuna aliyemupa.

Tukaanza rozari. Yeye alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda changu kwa ajili ya upepo, kwa ruhusa yangu, sababu nilikuwa nimekwisha kumuzoesha. Katikati ya fumbo la pili nilisikia sauti yake inachelewa. Alisema "Salamu" na "Maria" halikufuata. Nikageuka. Jasho lilikuwa linatiririka usoni kama amemwagiwa. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumuangalia mutu.

Sukari ya kushuka ninaijua. Imeniangusha mara tatu, moja ndani ya kanisa. Ninaijua harufu yake na baridi yake. Katika sale nzima hakuna aliyeijua kunipita, hata wale wa koti jeupe. Na nilijua kama nikisema "mupe sukari", wataniuliza: fishi yake inasema iko juu, wewe umejuaje iko chini?

Nikaendelea na sala.

Nilisema Salamu Maria moja. Nikasema ya pili. Mate yalianza kumutoka kando ya mudomo.

"Kapita!" maman wa mulangoni akaita. "Angalia mugonjwa wako!"

"Anasinzia," nikasema.

"Jicho wazi?"

"Batu ba Luberizi banalalaka hivyo."

Kuna waliocheka. Nikasema ya tatu, ya nne, ya tano. Nilizihesabu kwa shanga, kwa hiyo sikosei. Tano nzima, na neno "saa ya kufa kwetu" likapita kinywani mwangu mara tano.

Alipoanguka, aliangukia upande wangu. Mukono wake ulitua juu ya blanketi yangu, umefunguka. Kwenye kidole cha pili, karibu na ukucha, palikuwa na vitone vitatu vyeusi vilivyopangana. Asubuhi tatu. Ngozi ile ilikuwa ngumu ya jembe, sitajeri alikuwa amekandamiza mpaka pakavimba. Kidole kile kilikuwa kimefanya kazi yangu, na hakikujua ilikuwa kazi gani.

Nilisimama juu ya muguu mubovu. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Nikavuta chupa chini ya muto, nikang'oa taji la Bikira, nikamimina asali kwenye vidole, nikamusugua kwenye ufizi, ndani ya shavu, chini ya ulimi. Watu walidhani ninamupaka mafuta ya mwisho, wakaanza wimbo bila mimi.

Sitajeri alikuja mbio. "Koko, nini hiyo? Asali? Utamuua, iko na mia nne!"

"Mupime."

"Nimemupima asubuhi!"

"Mupime sasa, mutoto wa batu! Huyu hapa! Kidole hiki hapa!"

Alimupima. Ishirini na tisa. Kimashine kilikuwa kinalia kama kifaranga aliyekanyagwa. Wakakimbia, wakamutundikia seromu ya sukari, dokta akaja na maji ya mvua mabegani. Baada ya muda maman wa Luberizi alikohoa, nikajua yuko.

Dokta aligeuka. "Nani alijua?"

Nikamuambia yote, mbele ya vitanda kumi na viwili.

"Ulitaka kumuua?"

"Hapana. Nilitaka muguu."

Alinichoma kidole mwenyewe, kwa nguvu, akasoma, akanionyesha. Namba ninazijua: mia nne sabini na moja. Kisha akaokota chupa, akainusa.

"Na hii?"

"Asali si sukari, dokta. Inatoka kwa Mungu."

Alicheka. Nilizeeka nikisikia vicheko vya sokoni, lakini kile sijasikia tena. "Hata kuoza kunatoka kwa Mungu, koko," akasema. Akainama, akasukuma bandaji kwa kidole, akaangalia ngozi ilivyobadilika rangi juu ya kisigino. Siku tatu zile, wakati namba nzuri ya mutu mwingine inapigiwa makofi, kuoza kwangu kulikuwa kunapanda. "Hatungoji Jumamosi. Ni kesho. Na si chini ya goti tena. Juu."

Alasiri walinihamisha karibu na mulango wa choo. Wagonjwa wenyewe waliomba. Kitanda cha dirisha walimupa maman wa Luberizi. Cheo cha kapita walimupa yule nusu-mutu wa mulangoni, na amri yake ya kwanza ilikuwa wageni wasinisalimie. Walitii. Hata paroko alipita, akaona vichwa vyote vimegeuka, akanibariki kwa kuharakisha.

Walikata. Sina la kusema juu ya kukatwa. Unalala uko na vidole kumi, unaamuka uko na vitano, na vile vilivyotupwa ndivyo vinakuuma.

Yeye alikaa siku tisa zaidi. Siku za kwanza ulimi wake ulikuwa muzito, alimuita mukwe wake kwa jina la dada yake aliyekufa. Kisha maneno yakarudi. Yote walimuhadisia, sale haina siri. Nilingoja matusi. Nilikuwa hata nimejitayarishia majibu, sababu mimi na matusi tunajuana. Hayakuja. Alikaa dirishani, amenipa mugongo, anapumua. Nilisikia kila pumzi yake mpaka kule chooni.

Siku ya kurudi kwake alivaa kitambaa kipya. Kabla ya kutoka alikuja polepole, mukwe amemushika, akasimama kando yangu. Akafunua blanketi bila kuomba. Aliangalia pale ambapo hapakuwa na kitu, muda murefu, kama anayeangalia shamba la jirani baada ya mafuriko.

"Una ngapi?" akauliza.

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

"Tano," nikasema.

"Hapana, maman. Kidonda balikitupa. Umebaki na nne." Alifunika blanketi, akainyoosha vizuri. "Mimi sasa ninachomwa sindano, sukari yangu iko nzima. Niko na tano."

Akachukua ufagio uliokuwa nyuma ya mulango wa choo, akauegemeza kwenye kitanda changu.

"Fagia," akasema. Akaenda kwake Luberizi.

Arusi ilifanyika Muhumba, siku ile ile iliyopangwa. Walinikalisha sebuleni kati ya keki na spika, nimevaa kiatu kimoja. Mujukuu wangu alitoka chumbani peke yake. Alizipiga zile hatua thelathini na shingo yake ndefu, bila mukono wa mutu, na alipofika mbele yangu hakusimama. Wakwe waliuliza, "Koko wa bibi harusi ni nani?" Binti yangu akanionyesha kwa kidevu, sababu mikono yake ilikuwa imebeba sahani.

Sasa ninaishi kwa huyo mujukuu. Ni yeye anajua sindano. Kila alfajiri anakuja na kimashine, anaketi ukingoni mwa kitanda, ananishika mukono. Kabla ya kunichoma ananiuliza, kila siku bila kusahau:

"Koko, leo tunapima kidole cha nani?"

"Changu," ninamujibu.

Ananigeuza kiganja, anasoma mistari kana kwamba jina langu limeandikwa mule. Halafu anachoma, kwa nguvu kupita ile inayohitajika, na mimi ninatazama damu inatoka.